Leteni Kikombe

Kila tukikutana mnaniomba nirudie kile kisa cha vikombe, nami kwa kupenda kuchekesha nakirudia, mnacheka mpaka mnashika mbavu, halafu tunaagana. Juzi Rehema, ambaye amekwisha kukisikia mara tatu au zaidi, akaniuliza swali ambalo hakuna mwingine kati yenu aliyewahi kuniuliza: huko ulikokwenda, ilikuwaje mwishowe? Nikajifanya nina haraka. Nilipofika nyumbani nikaona aibu, maana swali lilikuwa la haki. Basi nimekaa kuandika safari nzima kama ilivyokuwa. Atakayetaka kucheka atapata pa kuchekea, lakini mimi mwenyewe tangu ofisini kwetu Mandewa, pale Singida, hadi nilikofika roho ilikuwa mkononi.

Mandewa: ujumbe wa simu

Mnaikumbuka miaka ile ya ruksa. Maduka ya mjini yalikuwa yamejaa kandambili, redio na biskuti za kila rangi, vitu ambavyo zamani tulivipangia foleni na kurudi mikono mitupu. Wakati huohuo maofisini watu walikuwa wanapunguzwa. Leo mwenzako yuko mezani, kesho kiti kitupu. Mimi nilibaki, afisa afya mwanamke pekee katika ofisi yetu, na kila kijiji nilichokanyaga niliulizwa bwana afya yuko wapi. Nilikuwa najibu kwamba bwana afya ndiye mimi.

Jumanne mchana simu ililia. Ujumbe ulitoka kwa Esteria, muuguzi wa zahanati ya kijiji kimoja kilicho ndani kabisa, mbele ya Mitundu. Jina la kijiji sitalitaja, wenyewe waliniomba. Esteria nilisoma naye uuguzi mwaka mzima kabla sijahamia afya. Yeye alilala kitanda cha juu, mimi cha chini, na siku ya harusi yangu ndiye aliyenishika mkono. Kule kijijini alikuwa peke yake. Mganga wa zahanati alikuwa ameacha kazi akafungua duka la dawa mjini. Barua yake ilikwenda kwa baiskeli hadi Mitundu, ikapanda lori hadi Itigi, karani wa stesheni akaisoma kwa simu hadi Manyoni, na Manyoni wakatusomea sisi. Aliyeshika kalamu nilikuwa mimi. Niliandika: "Kikombe kimekwisha. Watu wanaharisha na kutapika. Leteni kikombe haraka. Esteria."

Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea. Niliutazama ujumbe ule nikaona una kosa la sarufi. Kikombe kimoja kinakwishaje? Nikajisemea ni simu imekula herufi. Nikachukua kalamu nyekundu nikasahihisha: vikombe vimekwisha. Kwa mtu wa afya jambo lilikuwa wazi. Mgonjwa wa kuharisha hupewa ile dawa ya unga inayochanganywa na maji, na kila mgonjwa anatakiwa kuwa na kikombe chake, la sivyo wanaambukizana. Nikamsifu Esteria kimoyomoyo kwa kukumbuka usafi katikati ya balaa. Mkuu wangu alisoma, akakubali, akaonya tu kwamba neno kipindupindu lisitamkwe na mtu yeyote mpaka kipimo kithibitishe, kwa sababu likitamkwa masoko yanafungwa.

Mama Jayshree, mwenye duka la vyombo mjini, aliposikia kuna wagonjwa alinipa vikombe arobaini vya plastiki, vya njano, vyenye mkono, akasema ni sadaka yake. Nikavipanga kwenye katoni pamoja na pakiti za dawa, chupa sita za dripu na kopo la klorini. Gari la ofisi lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu. Jumatano alfajiri nikapanda lori la vitunguu.

Juu ya vitunguu, hadi Issuna na kuvuka

Dereva aliniahidi kwamba saa sita mchana tutakuwa Manyoni. Alikuwa mtu wa maneno mengi na tairi bovu. Kabla ya kufika Issuna tairi lilipasuka, na la akiba lilipotolewa tukaliona nalo linacheka, limeachama ubavuni. Utingo akaanza kulivingirisha kwa miguu kwenda kutafuta wa kuliziba, nasi tukabaki kando ya barabara, jua la kiangazi likitupiga utosini na vitunguu vikianza kutoa harufu. Nilikuwa natazama saa kila baada ya dakika mbili mpaka dereva akaniambia kwa upole kwamba saa hiyo nikiitazama hata kwa darubini haitanifikisha.

Bibi mmoja alitoka kwenye nyumba za karibu na kibuyu cha maji. Alipita kwa kila mtu, na kila mtu alikunywa. Aliponifikia mimi nikayaona maji. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikashukuru, nikasema sina kiu, na midomo yangu ilikuwa imepasuka. Bibi hakuondoka. Akaniuliza kwa Kinyaturu mimi ni binti wa nani, niliyelelewa nyumba gani, nisiyekunywa maji ya watu. Mimi ni Mnyaturu, najua uzito wa jambo hilo. Nikamwomba radhi, nikamwambia kazi yangu ni afya na maji yale yananitia wasiwasi.

Akakaa chini karibu yangu. Alisema hata yeye yanamtia wasiwasi. Walikuwa na pampu, akainyooshea mkono nikaiona, imesimama juu ya zege lake, mpini umefungwa kamba ya katani. Mbuzi walikuwa wanajikuna nayo. Ilikufa mwaka uliopita na tangu hapo wanachota lambo pamoja na ng'ombe. Nikamuuliza wameripoti wapi. Akajibu kwamba aliyekuwa akiripotiwa amepunguzwa. Nikaandika jambo hilo katika daftari langu chini ya kichwa cha habari "mengineyo". Sikulihusisha na safari yangu hata kidogo.

Manyoni: nafanywa mchuuzi

Tulifika Manyoni jua linazama. Treni ya kwenda Itigi ilitarajiwa Alhamisi asubuhi. Asubuhi ikapita. Nilikaa stesheni juu ya katoni langu kama kuku anayeatamia, na kwa kuwa karatasi ya pembeni ilikuwa imechanika, vikombe vya njano vilichungulia. Watu wakaanza kuja. Wa kwanza aliuliza kama vina mifuniko. Wa pili alitaka vya bluu. Mama mmoja aliketi kabisa, akavitoa viwili, akavigonganisha kusikiliza mlio wake, akaniuliza kama mimi ndiye wakala. Nikamwambia ni vya wagonjwa. Akanitazama kwa huruma, akasema siku hizi kila mtu anafanya biashara, hakuna haja ya kuona haya.

Mama lishe wa pale stesheni aliniletea ugali wa mtama na mlenda. Ulikuwa wa moto, kwa hiyo nilikula bila woga, na kama si mawazo ningesema ni chakula kitamu kuliko vyote vya safari ile. Lakini kila tonge lilipokuwa likishuka nilikuwa nafikiri juu ya Esteria. Mtu mzima mwenye kipindupindu anaweza kukauka na kufa kati ya asubuhi na jioni. Hilo ndilo neno tulilokatazwa kulitamka. Kila saa ya treni kuchelewa nilikuwa naihesabu kama mgonjwa mmoja. Nilikwenda kwa msimamizi wa stesheni mara tano. Mara ya tano hakuniangalia usoni, alisema tu kwamba injini imeharibika huko Bahi na yeye hana uwezo wa kuivuta kwa kamba. Treni ilifika saa tisa alasiri.

Itigi: kikombe ni nini

Katika kushuka Itigi nilipokelewa na wauza asali na wauza kuku, na nyuma yao akaja mtu mwembamba mwenye kofia ya kazi. Alikuwa Selemani, karani aliyesoma ule ujumbe kwenye simu, na Manyoni walikuwa wamemwarifu kwamba naja. Alionekana mwenye furaha kweli kuniona. Aliniuliza kama nimekileta kikombe. Nikamjibu kwa fahari kwamba nimeleta arobaini.

"Arobaini?" akasema. "Vya pampu arobaini umevipata wapi, mama?"

Sikuelewa. Nikafungua katoni, nikamwonyesha. Selemani alivitazama vile vikombe vya njano, akanitazama mimi, akavitazama tena. Halafu akanieleza taratibu, kama mtu anayempa mwenzake habari ya msiba. Mafundi wa pampu, na watu wote wa vijiji vyenye pampu za mkono, huita kikombe ile ngozi ya mviringo iliyokunjwa kingo, inayokaa ndani ya bomba chini kisimani na kunyanyua maji mpini unapopigwa. Ngozi hiyo inalika. Ikilika, unapiga mpini mpaka unachoka, maji hayaji. Kikombe kimekwisha, basi. Sarufi ya Esteria haikuwa na kosa lolote.

Nadhani nilikaa chini pale pale kwenye changarawe. Siku tatu. Siku ya tatu tangu nisomewe kwamba kijiji hakina maji, nami nimepanda vitunguu na treni kumpelekea vyombo vya chai. Mnapochekea kisa hiki huwa mnacheka hapa. Mimi pale nilitaka kulia, na sikulia kwa sababu Selemani aliniambia upo mtu mmoja tu Itigi anayeweza kukata kikombe cha pampu. Mzee Yohana, fundi wa zamani wa idara ya maji. Alipopunguzwa alianza kushona viatu, utamkuta sokoni. Selemani hakuwa amemwambia, akiamini ofisi yetu italeta kikombe kipya kutoka stoo.

Nilikimbia. Nilimkuta anakusanya vitu vyake, amezungukwa na katambuga za matairi, na baiskeli kuukuu imeegemea ukuta nyuma yake. Nikamuuliza pumzi ikinipaa kama yeye ndiye fundi wa pampu. Hakuinua macho. Nikarudia, nikaongeza kwamba watu wanakufa. Akaendelea kukunja uzi. Mama muuza uji aliyekuwa jirani yake akaninong'oneza, "Mama, hujamwamkia mzee."

Nilianza upya. Shikamoo mzee. Akaitikia marahaba, akauliza za kwetu, akauliza hali ya mvua Singida, na mimi nikajibu yote, kila jibu likinichoma kama mwiba kwa jinsi muda ulivyokuwa unakwenda. Ndipo akasema nimweleze. Nikamweleza, nikamwonyesha na vikombe. Mzee Yohana alicheka. Alikishika kimoja akakigeuza juu chini, akawa anarudia kusema cha njano, cha njano, akafuta machozi kwa mgongo wa mkono. Ghafla akakiweka chini, akaniuliza ujumbe ulikuja siku gani. Nikasema Jumanne. Akahesabu kwa vidole: Jumanne, Jumatano, Alhamisi.

"Wanakunywa wapi hawa watu tangu hiyo Jumanne?"

Nikasema sijui. Akasema yeye anajua, maana kisima kile alikichimba mwenyewe, na zaidi ya kisima pana lambo moja tu na ng'ombe wanaingia mpaka tumboni.

Nilidhani baada ya hapo atasimama twende. Badala yake hasira yake ilitoka yote. Alisema alipopewa barua ya kupunguzwa aliomba kitu kimoja, aachwe miezi miwili apite vijijini awafundishe watu kukata vikombe vyao wenyewe. Akaambiwa hakuna haja, sasa ni ruksa, vipuri vitapatikana madukani. "Basi nenda kakitafute dukani," akaniambia. Na mimi, kwa kuwa sikujua la kufanya, nilikwenda. Nilizunguka maduka yote ya Itigi yaliyokuwa bado wazi. Walikuwa na betri, mafuta ya nywele, soda za aina nne na miavuli. Nilipotaja kikombe cha pampu, watatu walinitolea vikombe vya udongo vyenye maua, wa nne akanishauri nijaribu Dodoma.

Niliporudi, mahali pa mzee palikuwa patupu. Moyo ulinilipuka. Mama muuza uji akaniambia nitulie, mzee amekwenda nyumbani kuchukua spana zake, na amesema alitaka tu nikaone kwa macho yangu.

Itigi hadi Mitundu: mchanga

Ijumaa alfajiri tulipanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua asali. Baiskeli ya mzee ilifungwa kwa kamba ubavuni, na ndani ya mfuko wake wa spana kulikuwa na soli ya kiatu cha ngozi, cha jeshi, aliyoilowesha majini usiku kucha ili ikunjike. Alikuwa ameshaikata mduara. Nilikiomba nikishike kile kikombe. Kilikuwa kidogo kuliko kiganja changu.

Njia ya Itigi kwenda Mitundu mwisho wa kiangazi ni mchanga mtupu katikati ya vichaka vilivyofungamana hata mbwa hapiti. Lori lilizama mara tatu. Mara ya tatu lilikaa. Tulishuka wote, tukakata matawi, tukayatandaza mbele ya magurudumu, tukasukuma, likasogea hatua nne, likazama tena. Abiria mmoja mwenye suruali ya mtumba yenye mifuko mingi alisimama kivulini akatuhubiria kwamba huu ndio uhuru wa uchumi, sasa kila mtu abebe wake. Mzee Yohana akamwambia aje basi abebe kipande chake cha lori. Hapo ndipo nilipocheka kwa mara ya pekee siku ile.

Tulipopumzika mzee alinisimulia siku ya kukabidhi kisima. Wafadhili walikuja, kukapikwa pilau, ngoma zikapigwa, hotuba ikasomwa kwamba kuanzia leo pampu ni mali ya wananchi. Wananchi wakashangilia. Hakuna aliyeuliza kikombe kinakatwaje, na hakuna aliyesema kwamba kipo. Nilitazama chini. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimehudhuria semina ambapo maneno "maendeleo endelevu" yaliandikwa kwenye karatasi kubwa ukutani, nami nikayanakili na kuyapigia mstari. Nilikuwa nimeyaelewa kama jambo la watu wa mipango. La afya kwangu lilikuwa sindano, dawa na vyoo. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna siku zahanati nzima itaning'inia kwenye kipande cha ngozi, na kama ningeambiwa sijui ningesikia.

Tulifika Mitundu saa nane mchana. Sokoni mtu mmoja aliposikia tunakokwenda alisema tuharakishe, maana hata nesi mwenyewe ameanguka.

Mbele ya Mitundu

Sikumbuki vizuri njia ile. Mzee Yohana aliendesha, mimi nikakaa kwenye keria nyuma nimekumbatia katoni. Mtu wa umri wake, na mchanga ule, alikanyaga bila kupumzika. Penye mchanga mzito tulishuka tukakimbia pande mbili za baiskeli.

Mwanzoni mwa kijiji tulikuta watu wameketi chini nje ya nyumba moja. Mzee akashuka, akavua kofia. Tulitoa pole. Wakatuambia ni mtoto, Pendo, wa miaka minne, alifariki jana na kuzikwa jana. Mama yake alikuwa ndani na hatukumwona. Watu wazima wawili walikuwa wamemtangulia.

Esteria nilimkuta sakafuni zahanati, kwenye mkeka, kati ya wagonjwa wake. Macho yalikuwa yamezama. Nilimvuta ngozi ya tumbo ikabaki imesimama, haikurudi. Aliponiona hakushangaa. Akasema kwa sauti iliyokauka, "Zuhura, dripu kwanza kwa yule mzee pale." Nikamwambia mzee yule anakunywa mwenyewe, anaweza kusubiri. Mkono wangu haukuwa umetafuta mshipa kwa miaka mingi. Nilichoma nikakosa. Nikachoma tena nikakosa. Yeye mwenyewe akageuza shingo, akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine, akasema, "Huo ni mshipa wa uongo. Shuka chini kidogo." Nikashuka. Damu ikarudi kwenye mpira. Nilimaliza chupa tatu kwake kabla hajakojoa, na alipokojoa, ishara kwamba mwili umeanza kupata maji, nililia waziwazi mbele ya wagonjwa, wala sikujificha.

Asubuhi ya Jumamosi tulivuta mabomba ya pampu. Wanaume wengi walikuwa wagonjwa, kwa hiyo wanawake ndio waliovuta, bomba baada ya bomba, Mzee Yohana akifungua na kuwaonya wasiachie. Akatoa kile kikombe cha zamani. Kilikuwa kimebaki uzi uzi. Akaweka kipya, tukashusha mabomba yote tena, akapiga mpini. Maji yalipanda, yakatoka kidogo, meusi, watu wakapiga vigelegele. Kisha mpini ukawa mwepesi. Akapiga, akapiga, hakuna kitu. Tukavuta tena mabomba yote. Soli ya kile kiatu ilikuwa imeoza ndani bila sisi kujua, imechanika katikati.

Vigelegele vilikatika. Mama mmoja akachukua ndoo yake, akaanza kuelekea lamboni. Nilimfuata nikamshika mkono, akaniuliza kwa utulivu watoto wake wanywe nini. Nikamwachia mkono. Klorini yangu kwa lambo lile ilikuwa kama kuutilia chumvi mto.

Niliporudi kisimani nilimkuta Mzee Yohana amesimama mbele ya baiskeli yake. Ilikuwa ya zamani, ya enzi za idara ya maji, yenye kiti cha ngozi halisi, nene, iliyolainishwa kwa miaka mingi ya kukaliwa. Alikipapasa. Alisema baiskeli hiyo ndiyo kitu pekee alichoondoka nacho kazini. Kisha akatoa kisu. Kiti kile kilitoa vikombe viwili, na ukingo wa mwisho akaupaka mafuta ya ng'ombe kabla ya kuukunja juu ya chupa. Tukashusha mabomba kwa mara ya tatu, mikono ya wanawake ikivuja damu. Mpini ulikuwa mzito tangu alipoushika. Maji yakaja meusi, yakaja mekundu ya kutu, yakaja meupe, na hayakukatika. Hakuna aliyepiga kigelegele mpaka ndoo ya kumi.

Jumapili

Wagonjwa wapya Jumapili walikuwa wawili tu. Esteria alikuwa ameketi, anakunywa uji. Nikaona siwezi kuendelea kumtazama bila kusema. Nikamwambia ni mimi niliyepokea ujumbe wake, ni mimi niliyeusahihisha kwa kalamu nyekundu. Nilitaka anitukane. Aliweka uji chini, akasema alidhani ofisini kwetu kila mtu anajua kikombe ni nini. Kisha akaniambia jambo hilo nisimwambie yeye peke yake. Nikamwambie na mama Pendo.

Nilikwenda. Mama Pendo alikuwa mwanamke kijana, ameketi kitandani, kanga imefunika kichwa. Wazee waliokuwepo walianza kunifariji kwa niaba yake kabla sijafungua mdomo, wakisema ni kazi ya Mungu, haina makosa. Nikamwambia yote. Ujumbe ulikuja Jumanne. Ulisema kweli, nami niliusoma vibaya. Ningeusoma vizuri, fundi angetafutwa siku ileile, na labda angefika hapa kabla ya Alhamisi.

Mzee mmoja akanikatiza, akasema mambo hayo hayasemwi msibani. Mama Pendo akainua mkono kumnyamazisha.

"Tangu Alhamisi kila anayeingia hapa ananiambia ni kazi ya Mungu," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kuja kuniambia ni kazi ya kikombe."

Nikasema ndiyo. Nikasema naomba msamaha. Hakunipa, na mpaka leo sijui kama amenipa. Alitazama mlangoni, kule ulikotoka mlio wa mpini wa pampu, chuma juu ya chuma, na watu wakipokezana.

"Ya Mungu siwezi kuizuia. Huyo mzee anayekata ngozi, yupo hapa mpaka lini?"

Nikamwambia mpaka Jumatano, na yuko tayari kumfundisha kukata kila anayetaka. Mama Pendo akaivua kanga kichwani, akajifunga kiunoni, akainuka akatoka nje kwenda kumtafuta.